Ulimbo Vidoleni mwa Mrushaji

Wanafunzi wangu hushangaa wanapobaini kwamba mwalimu wao wa somo la utawala hukesha akifuatilia besiboli, mchezo wa Wamarekani ambao kwetu haujaota mizizi. Wengi wetu tumeuona katika filamu tu. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Jibu ninalowapa wanafunzi hao ni kwamba sijapata kuona mahali pengine ambapo maisha ya kanuni huonekana waziwazi kiasi hicho. Kanuni inaandikwa, inajulikana na wote, inavunjwa na wengi, wasimamizi wanatazama pembeni. Kisha siku moja, bila neno hata moja kubadilishwa katika kitabu cha sheria, watu wanaanza kuadhibiwa. Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya umma anajua ninazungumzia nini. Hata hivyo, naomba tuanze na mpira wenyewe, kwa sababu hoja yangu imo vidoleni.

Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18.44 kutoka mahali anapolenga, ambapo mpigaji anamsubiri na rungu lake. Mpira una uzito usiofika gramu 150, umevikwa ngozi nyeupe, na vipande vya ngozi hiyo vimeunganishwa kwa uzi mwekundu wenye mishono 108. Mrushaji hodari huurusha kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa, nao humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijatimia. Katika muda huo mpigaji hawezi kutafakari. Anabashiri tu mpira utapita wapi, na kazi yote ya mrushaji ni kuuharibu ubashiri huo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili katika jimbo la Ohio, jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa kiwandani, alinifundisha kuutazama mchezo huo kwa kuniwekea mpira mkononi. Alinionyesha kwamba vidole viwili vikikaa kwa kuikata mishono, mpira huenda moja kwa moja; vikilala sambamba na mishono, hupinda kidogo kuelekea pembeni. Kidole cha kati kikiuvuta mpira kwa chini wakati wa kuuachia, huporomoka ghafla mbele ya mpigaji. Ukiuzamisha katika kiganja na kuurusha kwa mwendo uleule wa mkono, hutoka taratibu, na mpigaji hupiga hewa kabla haujafika. Wapo pia walioushika kwa ncha za kucha ili usizunguke kabisa, ukaenda ukiyumbayumba hata mdakaji wa timu yao asijue utatua wapi. Mzee yule aliniambia kwamba mishiko hiyo haina siri. Kila mtoto anaielewa kwa dakika tano, kisha inamchukua miaka kumi kuimudu.

Hapo ndipo palipo na ufundi halali. Mpira unaozunguka kinyumenyume huku ukienda mbele hubebwa na hewa. Huanguka kidogo kuliko macho yanavyotarajia, na mpigaji huona kana kwamba umepaa. Wanafizikia huiita nguvu hiyo kwa jina la Mjerumani Magnus, aliyeichunguza katika karne ya 19. Kadiri mzunguko unavyoongezeka, ndivyo udanganyifu huo wa macho unavyozidi. Na mzunguko hutoka katika ncha za vidole, pale ngozi ya binadamu inapoachana na ngozi ya mpira. Kwa hiyo anayetaka kuwazidi wenzake ana njia mbili: kuufundisha mkono, au kuupaka mkono kitu.

Kitu chenyewe kimebadilika kwa zama. Zamani kilikuwa mate na mafuta, yaliyofanya mpira uteleze vidoleni, utoke na mzunguko mdogo, na kuzama ghafla. Wengine waliukwaruza mpira kwa tupa ili hewa ipite kwa namna moja upande huu na kwa namna nyingine upande ule. Mwaka 1987 mrushaji Joe Niekro alitoa vitu mfukoni mbele ya waamuzi, na tupa ya kucha ikaonekana ikiruka kuanguka nyasini. Katika miaka ya karibuni mambo yamegeuka. Sasa linalotafutwa ni ulimbo: lami ya msonobari, mafuta ya kujikinga na jua yaliyochanganywa na unga wa utomvu mkavu, na hatimaye gundi iitwayo Spider Tack, iliyotengenezwa kwa ajili ya wababe wanaoshindana kunyanyua mawe makubwa ya mviringo. Babu zetu walitega ndege kwa ulimbo. Warushaji wa Marekani waliutegea mzunguko.

Tusidhani kwamba haya yalifanyika kwa kukosa sheria. Mate yalipigwa marufuku mwaka 1920. Kwa kuwa wapo waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya mtindo huo, warushaji 17 waliruhusiwa kuendelea nao hadi wastaafu, na wa mwisho wao, Burleigh Grimes, aliondoka uwanjani mwaka 1934. Agosti ya mwaka huohuo wa 1920, Ray Chapman wa Cleveland aligongwa kichwani na mpira na akafariki siku iliyofuata. Wakati ule mpira mmoja ulitumika hadi ukawa mweusi kwa uchafu, na katika mwanga wa alasiri ulikuwa mgumu kuonekana. Hadi leo yeye ndiye mchezaji pekee wa ligi kuu aliyeuawa na mpira uliorushwa uwanjani. Baada ya msiba huo ilisisitizwa kwamba mpira uliochafuka uondolewe mara moja. Hivyo kanuni hizi zilihusu pia uhai wa watu. Katika fani yangu hupenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba nyuma ya masharti mengi yanayoonekana ya kuchosha kuna kaburi la mtu.

Hata hivyo, sheria iliyoandikwa mwaka 1920 ilianza kusinzia. Mfano mkubwa ni Gaylord Perry. Alishinda michezo 314 katika maisha yake ya uchezaji, na mwaka 1974, akiwa bado anacheza, alichapisha kitabu kilichokiri hadharani kwamba alirusha mipira yenye mate na mafuta. Miaka minne baadaye akapewa kwa mara ya pili tuzo ya mrushaji bora. Kabla ya kila mrusho aligusa kofia, shingo, nyusi na mkanda, ili mpigaji afikirie mafuta hata pasipokuwa na mafuta. Alitolewa uwanjani kwa kosa hilo mara moja tu, mwaka 1982, akiwa katika msimu wake wa 21. Mwaka 1991 akaingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Marekani nzima ilicheka naye. Sisi nasi tunao Perry wetu. Ni mjanja wa ofisi ambaye hadithi zake husimuliwa kwenye chai kwa kicheko, na ambaye siku ya kustaafu hupewa saa ya ukutani na hotuba ya sifa.

Kicheko hicho kina gharama, na mlipaji wake haonekani. Mwaka 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vilifungwa mitambo inayopima kila mpira: kasi yake, njia yake, na mizunguko yake kwa dakika. Kabla ya hapo mzunguko ulikuwa jambo la hisia. Baada ya hapo ukawa tarakimu, na tarakimu ikawa mshahara. Timu zilianza kuajiri na kuacha watu kwa kuangalia namba hiyo. Basi fikiria kijana wa ligi za chini, anayelala katika hoteli za bei nafuu na kusafiri usiku kucha kwa basi, ambaye amekataa kupaka kitu vidoleni kwa sababu kitabu kinakataza. Namba yake iko chini ya ya mwenzake anayepaka. Mwenzake anapandishwa, yeye anaambiwa arudi nyumbani. Hakuna gazeti litakaloandika habari zake, wala hatakuwa na ushahidi wa kupeleka popote. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda ndiyo iliyomwondoa kazini, kwa kuwa ni yeye aliyeiamini. Kwangu mimi huo ndio uovu mkubwa wa sheria inayokonyezwa: inamtoza kodi mwaminifu na kumlipa mwenye kuthubutu.

Kufikia mwaka 2021 hali ilikuwa haifichiki tena. Kabla mwezi wa Mei haujaisha, michezo sita ilikuwa imepita ambamo timu moja haikupata pigo halali hata moja, jambo ambalo kwa kawaida huwa adimu. Mapema Juni, Gerrit Cole, mrushaji mwenye mkataba wa dola milioni 324 kwa miaka tisa, aliulizwa na waandishi kama amewahi kutumia ile gundi ya wababe. Alisita kwa muda mrefu, akasema hajui alijibu vipi swali hilo, kisha akaeleza kwamba zipo desturi ambazo wachezaji wakubwa wamewarithisha wadogo, ingawa mengine yamevuka mpaka. Nilipomsikia niliitambua lugha hiyo. Ni lugha ya "ndivyo tulivyoikuta." Nimeisikia katika vikao vya bajeti, katika zabuni, katika masurufu ya safari ambazo hazikufanyika.

Tarehe 15 Juni ligi ilitoa agizo, na kuanzia tarehe 21 waamuzi wakaanza kukagua kofia, glavu, mikanda na viganja vya warushaji wote. Adhabu ilikuwa kufungiwa michezo 10, na timu hairuhusiwi kumwingiza mwingine katika nafasi yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba hapakuwa na kanuni mpya. Kilichobadilika ni utashi tu. Ikiwa utashi ungeweza kupatikana katika wiki moja ya Juni 2021, basi tuna haki ya kuuliza ulikuwa wapi kwa miaka mingi kabla ya hapo.

Tena tuangalie nani alitangulia kuumia. Kabla agizo hilo halijatoka, warushaji wanne wa ligi za chini walikuwa tayari wamefungiwa michezo 10 kila mmoja. Zaidi ya mwaka mmoja nyuma, Machi 2020, timu ya Los Angeles Angels ilimfukuza mhudumu wa chumba cha wachezaji wageni, mtu aliyeitumikia kwa karibu miaka arobaini, kwa kosa la kuwachanganyia warushaji ulimbo. Alikwenda mahakamani akidai amefanywa mbuzi wa kafara, na akataja majina ya warushaji mashuhuri aliosema walikuwa wakimwomba dawa hiyo. Wakati huo mchanganyaji alikuwa amepoteza kazi, na waliochanganyiwa walikuwa wanaendelea kurusha. Nyavu zilinasa dagaa kwanza. Papa waliendelea kuogelea.

Habari ya mhudumu huyo ilinigusa kuliko nyingine zote, na sababu yake si ya kimichezo. Miaka mingi iliyopita niliteuliwa katika kamati ya kuchunguza mtihani uliovuja katika chuo kimoja. Kanuni za chuo zilitaka mtihani uchapwe katika chumba kilichofungwa, mbele ya watu wawili, na nakala zihifadhiwe katika kasha lenye funguo mbili. Hapakuwa na idara iliyozifuata. Wahadhiri walituma mitihani kwa barua pepe za kawaida, funguo zote mbili zilining'inia katika msumari mmoja, na wakuu wa idara walijua, kwa sababu nao walizichukua hapohapo. Mtihani ulipovuja, aliyepatikana na hatia ya "kukiuka taratibu" alikuwa mama mmoja, karani, aliyekuwa akichapa mitihani peke yake usiku kwa kuwa hakuna mhadhiri aliyekubali kukaa naye. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni yeye aliyeuza mtihani. Nilikuwa mdogo kuliko wote kikaoni. Niliomba pingamizi langu liandikwe katika kumbukumbu, likaandikwa, na mama yule akafukuzwa. Baraza lililomfukuza lilisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ni methali ya kweli, ila msumeno una mpini, na anayeushika mpini ndiye anayechagua tawi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kanuni isiyotekelezwa si kitu cha kuchekesha. Watu huiona kuwa imekufa, kumbe imelala. Huamshwa na mwenye mamlaka, siku anayoitaka yeye, dhidi ya anayemtaka yeye. Mtumishi anayeishi katikati ya kanuni ambazo kila mtu anazivunja hawezi kusema ukweli kwa mkubwa wake, kwa sababu kila siku ya kazi ana kosa ambalo linaweza kufufuliwa. Wanaharakati wanalijua hili vyema. Mara nyingi mtu hakamatwi kwa alichosema, hukamatwa kwa kibali ambacho hakuna aliyewahi kukidai.

Lakini haki inataka tusikilize upande wa pili, na warushaji wanao utetezi ambao si wa kupuuzwa. Mpira mpya huteleza. Ligi yenyewe inakiri hivyo, kwani kabla ya kila mchezo mipira hupakwa tope maalumu linalochotwa katika kijito cha bonde la mto Delaware, huko New Jersey, ili kuondoa ule ung'aavu wa ngozi. Nyuma ya kichuguu huwekwa mfuko wa unga wa utomvu mkavu ambao mrushaji ameruhusiwa kuugusa. Wengi walisema kwamba katika baridi ya Aprili, au katika jasho la Agosti, tope na unga havitoshi, na mpira unaoponyoka kwa kasi ile unaweza kumvunja mtu taya. Juni 2021 Tyler Glasnow wa Tampa Bay aliumia kiwiko, akalaumu hadharani namna marufuku ilivyokuja katikati ya msimu. Alisema alikuwa akitumia mafuta ya jua na unga, alipoacha akalazimika kuubana mpira kwa nguvu zaidi, na mkono ukamlipa. Unaweza kuutilia shaka ushuhuda huo, lakini Japani hutumia mpira ambao ngozi yake hunata kidogo tangu mwanzo. Kwa hiyo swali la mshiko lina jibu lisilohitaji wizi: rekebisha mpira.

Hapa pana somo kwa watumishi wa umma hasa. Kila mahali penye uvunjaji wa kanuni ulioenea, kuna waliovunja kwa tamaa na kuna waliovunja kwa sababu kazi haikufanyika bila kuvunja. Muuguzi anayetia saini fomu ambayo hakupewa muda wa kuisoma, na mkubwa anayelipwa posho ya kikao ambacho hakikukaa, wote wamepaka kitu vidoleni. Mmoja alitaka mpira usimponyoke. Mwingine alitaka mzunguko wa bure. Sheria nzuri lazima iweze kuwatofautisha, na njia ya kuwatofautisha ni kumpa kila mfanyakazi mpira unaoshikika, kisha kumkagua bila huruma yule ambaye bado ananata.

Ukaguzi wa besiboli umeendelea tangu wakati ule. Hauko kamili. Wa kwanza kutolewa uwanjani chini ya agizo jipya, Héctor Santiago wa Seattle, hakuwa nyota, na alidai mikono yake ilikuwa na jasho na unga halali. Lakini Aprili 2023 alitolewa pia Max Scherzer, mshindi wa tuzo ya mrushaji bora mara tatu. Naye alidai ni jasho na unga, na naye akafungiwa michezo 10. Sijui mkono wake ulikuwa na nini. Ninachojua ni kwamba mwamuzi aliugusa mkono wa mtu mkubwa mbele ya maelfu ya watazamaji, akatumia kipimo kilekile, na mchezo ukaendelea.

Kwa wanafunzi wangu ambao kesho watakuwa makatibu na wakurugenzi, ningependa wachukue jambo moja tu kutoka katika mchezo huu wa kigeni. Mkikuta kanuni ambayo ofisi nzima inaivunja, msiiache ilale na msiiamshe kwa mtu mmoja. Ulizeni kwanza kama inatekelezeka. Kama haitekelezeki, ifuteni au toeni vifaa vya kuitimiza. Kama inatekelezeka, tangazeni siku ambayo ukaguzi utaanza, ili kila mtu apate nafasi ya kunawa mikono. Na siku hiyo ikifika, anzeni na mikono ya wanaolipwa zaidi. Karani anaweza kusubiri zamu yake. Hana mahali pa kukimbilia.